Mawe Matano ya Isansa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya vipimo Tunduma, bosi wangu, Afisa Vipimo wa eneo letu, hakunionyesha meza wala kiti. Alifungua sanduku la chuma, akaniamuru nibebe mawe matano ya mizani, kila moja kilo ishirini, hadi getini, kisha niyarudishe. Nilipomaliza nikihema, akasema, "Sheria ya Vipimo ndiyo hiyo umeibeba. Mengine ni karatasi."

Ninyi mnaopima kwa mitambo ya umeme, niwaeleze. Kila mizani ya biashara ilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi aliipakia mawe moja baada ya jingine mpaka mwisho wa uwezo wake. Ikisoma sawasawa, aliifunga kwa lakiri, kifungo cha risasi chenye alama ya ofisi, kisha akaandika cheti. Mnunuzi akishakuwa na lakiri, mkulima hakuwa na la kuuliza.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi ndio kwanza wameruhusiwa kununua kahawa Mbozi, na mizani zikazagaa vijijini. Nikapangiwa kijiji cha Isansa. Gari la ofisi lilikuwa halitembei, nikapanda basi, likanishusha barabarani, kilichobaki ni mguu na mlima. Nikabeba jiwe moja tu. Nilipima mizani ya mnunuzi mmoja kwa kilo ishirini, ikakubali, nikafunga lakiri na kuandika kwenye cheti kwamba nimepima hadi kilo mia. Ulikuwa uvivu, sina jina jingine la kuupa.

Wiki chache baadaye mkulima wa huko, Mama Tumaini, alinifuata hadi ofisini. Alikataa kiti.

"Mwanangu, kahawa yangu nikiipima debe kwa debe inakuwa nyingi. Nikiipima gunia zima inapungua. Mizani ina lakiri yako. Mwongo nani hapo, mimi au wewe?"

Bosi alisikia. Alipotoka yule mama, akanivuta pembeni. "Nenda. Ukikuta kasoro, sema mizani imeharibiwa baadaye. Ukikiri, usije ukanililia."

Nilirudi Isansa na mawe yote matano, kwa baiskeli mbili za kukodi. Jiwe la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, mshale ukakwama. Chini ya jukwaa la kuwekea gunia palikuwa na kipande cha tairi, na mzigo ukizidi jukwaa lilikilalia.

Mnunuzi hakutetereka. Alinyoosha cheti. "Afisa, saini hii ya nani? Ulipima kilo mia ukaridhika. Leo unanionea."

Wakulima wote wakanitazama. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na niliogopa kweli. Lakini Mama Tumaini alikuwa mbele yangu, amekalia gunia lake, na kama ningejificha nyuma ya cheti kile, kahawa yake ingekwenda hivyo hivyo.

"Saini ni yangu," nikasema, "na ni ya uongo. Nilipima kilo ishirini tu."

Nikachukua koleo, nikaikata lakiri yangu mwenyewe, kisha nikakitoa kile kipande cha tairi. Magunia yaliyokuwa bado stoo yakatolewa na kupimwa upya, jina kwa jina, mpaka jioni.

Nilipata barua ya onyo kali na uhamisho wa kwenda Saza, kukagua mizani ndogo za dhahabu ambazo mawe yake yanaenea kiganjani. "Huko hutachoka kubeba," bosi akanitania, bila kucheka. Nilikaa huko miaka mingi. Niliporudishwa Mbozi, sikupanda tena mlima bila mawe matano. Mgongo umepinda kwa sababu hiyo, na wanangu hunilaumu. Lakini ningepewa kazi ile tena leo, ningebeba.

Msimu wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilifika Isansa. Mama Tumaini, sasa anatembelea fimbo, alisimama karibu na gari nikishusha mawe. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nikaona anahesabu.

"Mama, miaka yote hii bado huniamini?"

"Nakuamini wewe, mwanangu," akasema. "Mawe nayahesabu."

Nikashusha la tano. Ndipo akawaambia wajukuu walete gunia.