Mtani Wangu Kaniwekea Ng'ombe Mlangoni

Alhamisi. Asubuhi baridi, upepo wa vumbi, anga jeupe bila wingu.

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Nkuhungu na mume wangu na mtoto wetu wa miezi mitano. Niliishia kidato cha nne, nafanya kazi masijala katika ofisi moja hapa Dodoma, kwa mkataba.

Ofisini kwetu vyumba tunaviwekea nafasi kwa simu. Ukinyanyua simu, kamera ikielekea mlangoni, unaiona korido ileile kwenye kioo, ila juu ya kila mlango kuna rangi: kijani chumba kitupu, nyekundu kina mtu, na jina la aliyemo. Simu inajua hata umesimama mlango gani. Kuna chumba kidogo tulichopewa akina mama tunaonyonyesha. Nakamua maziwa humo, naweka kwenye friji, jioni nampelekea mtoto. Nilikipenda, sikuhitaji kumwomba mtu funguo.

Anayesimamia mfumo huo ni kaka mmoja ambaye kabila lao na sisi Wagogo ni watani. Utani naujua. Tulipomzika baba, watani waliingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe kitu, tukacheka huku tunalia. Lakini huyu alianza na "Mtani, leo umetoa lita ngapi?" mbele za watu.

Jumatatu natoka chumbani nakuta wenzangu wamenyanyua simu, wanacheka hadi wanainama. Nikanyanyua yangu. Juu ya mlango, pembeni ya jina langu, kasimama ng'ombe, chuchu zinadondosha maziwa. Ukishusha simu, mlango mtupu. Ukinyanyua, yupo, anatafuna.

Nikamfuata. "Kaka, mtoe."

"Mtani, mbona mkali? Kwenu ng'ombe si ndiyo heshima?"

Wakacheka tena. Nikaenda kwa mama wa utumishi, nikamwamkia, nikaeleza yote. Akasema, "Mwanangu, mtani hashtakiwi. Nitamwambia amtoe."

Kweli alimtoa. Leo nimefika pale, nikanyanyua simu: ndama. Kavalishwa kofia ya njano ya mwanangu, ile iliyo kwenye picha niliyoweka status. Midomo inanyonya hewa. Nilikimbilia chooni nikatapika. Kisha, kwa kuwa matiti yalikuwa yanauma, nikakamulia humohumo, pembeni ya ndoo ya deki, nikayamwaga. Nani atamnywesha mtoto maziwa ya chooni?

Jioni nikamwonyesha mume wangu picha niliyoipiga kwenye kioo cha simu. Akaangalia huku anakula. "Mke wangu, umeshindwa utani? Ukimshtaki mtani, siku tukipata msiba atakuja nani?"

Sikutaka hata kukaa naye meza moja.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikimwandikia mkurugenzi, nitakuwa yule mwanamke aliyemshtaki mtani, ofisini na ukweni. Nikinyamaza, chumba kile siingii tena, na maziwa yameshaanza kupungua. Ndugu zangu, hasa mnaoujua utani wa kwetu: mtani anaruhusiwa kumgusa hadi mtoto wa miezi mitano? Niandike barua, au nimwachishe mwanangu ziwa ili watu waendelee kucheka? Niambieni ukweli, hata kama utaniuma. Kesho naingia kazini.

Saa saba na robo usiku. Nalala.