Kocha wa Korogwe aliyekwenda Kwedizinga kumrudisha mchezaji

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Usambara bado haujaamua kuondoka, na Asnath Semboja amepiga magoti katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu mjini Korogwe kama mtu anayetubu. Hatubu. Anapanga visoda, vifuniko vya chupa za soda.

Visoda vitano vya rangi ya chungwa ni timu yake, Malkia wa Mkonge. Vitano vyeusi ni wapinzani. Wachezaji kumi na wawili wamemzunguka kwa ukimya unaostahili baraza la vita.

"Hiki ni nani?" anauliza, akigusa kisoda kilicho mbali na kikapu kuliko vyote.

"Mimi," anajibu Nkoile.

"Na mbele yako?"

"Watu wangu wote."

Kocha anatabasamu. Mwezi mmoja uliopita kisoda hicho kilikaa chini kabisa ya kikapu, na nusura kimrudishe mwenyewe kwao Handeni moja kwa moja.

Asnath ana miaka arobaini na mmoja, mjukuu wa mkata mkonge. Aliucheza mchezo huu mpaka goti lake la kushoto lilipotangaza kustaafu bila kumshauri. Sasa anafundisha timu ya ligi ndogo ya wanawake wanaolipwa. Yeye hupata shilingi laki tatu kwa mwezi, na mchana hushona sare za shule ili laki tatu zisijisikie upweke.

Ligi inaruhusu majina kumi na mawili tu.

"Ni kama vyumba vya kupangisha," anasema. "Ukimwingiza mpangaji mmoja, ujue kuna mwenzake umemwacha barazani na godoro lake."

Aliyeachwa barazani msimu huu ni Faudhia, mtupaji hodari wa pointi tatu. Nafasi yake ilikwenda kwa Nkoile, miaka ishirini na miwili, sentimita mia moja themanini na nane, ambaye Asnath alimwona mnadani Handeni. Kocha alikwenda kununua mbuzi. Akakiona kichwa kikielea juu ya umati, na mbuzi akasahaulika.

Baba wa msichana, mzee Lesiamon, mfugaji wa Kwedizinga, alimpokea kwa chai na maswali.

"Atakwenda kufanya nini huko?"

"Kutia mpira kwenye kikapu, mzee."

"Kikapu hicho kina kitako?"

"Hakina. Mpira unapita."

Mzee aliweka kikombe chini. "Basi kishoneni kwanza, halafu mje."

Hata hivyo alikubali, kwa ahadi moja: mambo yakiharibika, Asnath amrudishe binti kwa mkono wake mwenyewe, asimtume mtu.

Mambo yakaharibika. Kila kocha duniani humweka mchezaji mrefu chini ya kikapu, na Asnath hakutaka kuwa mzushi. Nkoile alikubali kila alichofundishwa isipokuwa kukaa hapo. Mpira ukianza kuzunguka, alirudi nyuma hatua moja, mbili, tano, mpaka akafika katikati ya uwanja, akasimama akitazama wenzake. Katika mechi tisa alifunga pointi kumi na moja. Faudhia, akiwa na timu yake mpya, aliwafunga Malkia ishirini na mbili kwa jioni moja, na inadaiwa aliimba.

Mwenyekiti wa klabu, Abraham, alimwita kocha. Orodha ya nusu ya pili ya msimu ingepelekwa Jumatatu.

"Twiga wako hali majani," alisema. "Mtoe."

"Nipe mechi ya Jumamosi, mwenyekiti."

"Nakupa. Lakini kamwandae mzee wake."

Siku ya Jumatano, Asnath na Nkoile walipanda basi mpaka Handeni, kisha pikipiki mpaka Kwedizinga. Njia nzima kocha alikuwa akitafuta maneno, na msichana alikuwa ameshayajua.

Mzee Lesiamon hakuwepo. Wakiwa wanamsubiri, Nkoile alivua viatu vya mazoezi, akachukua fimbo, akaenda kuwanywesha ng'ombe. Asnath akafuata, goti likilalamika.

Ng'ombe arobaini walitangulia. Nkoile alibaki nyuma kabisa. Mluzi mmoja, dume la kushoto likarudi njiani. Jina moja, jike la mbele likapunguza mwendo ili ndama wafike. Hakukimbia hata hatua. Kundi zima lilikwenda kama linasoma mawazo yake.

"Mbona hutangulii mbele?" kocha aliuliza.

"Nikitangulia nitaona nini, kocha? Njia tu. Ng'ombe watapotea mgongoni kwangu." Akamrudisha ndama njiani kwa fimbo. "Pale chini ya kikapu ni hivyo hivyo. Nawapa wenzangu mgongo. Sijui nani amebaki, nani amezidiwa. Naogopa."

"Miezi yote hiyo hukuniambia?"

"Ulikuwa hujauliza."

Asnath anakiri kwamba alikaa chini, pale kwenye vumbi, na machozi yakamtoka. "Nilimsajili kwa urefu wake," anasema. "Binti wa watu, nimemwajiri kama ngazi. Nilimwomba radhi mbele ya ng'ombe wote."

Mzee aliporudi, alikuta hakuna anayerudishwa.

Jumamosi, Nkoile alisimama juu, mbali na kikapu, wenzake wanne wakiwa mbele yake. Mlinzi mrefu wa wapinzani alilazimika kumfuata huko, na chini ya kikapu pakabaki peupe kama uwanja wa shule siku ya likizo. Justa, mfupi kuliko wote timuni, akapenya humo mara nane. Mpira wa Nkoile ulimkuta kila mara.

Malkia walishinda kwa pointi sita.

"Nkoile kafunga ngapi?" Abraham aliuliza, kalamu mkononi.

"Tatu."

"Tatu!"

"Na pasi kumi na nne zilizozaa vikapu. Mwenyekiti, wewe unahesabu maziwa. Mimi nakuonyesha mchungaji."

Abraham aliikodolea karatasi macho muda wa kutosha kuchemsha maharage. Kisha akatia saini.

Asnath hakusubiri mazoezi. Alimpigia Nkoile simu palepale mlangoni kwa mwenyekiti.

"Shikamoo kocha. Nimo?"

"Marahaba. Umo, mwanangu. Jina la kwanza."

Upande wa pili ukasikika ukicheka na kulia kwa zamu.

Sasa Asnath ana mpango wa msimu ujao. Anataka watupaji wawili wa kusimama pembeni, ili walinzi wakiziba katikati Nkoile awe na wa kumpa. Lakini hatawapima urefu kwanza. Atakwenda makwao, Kerenge na Lutindi, akae siku nzima awatazame wakilima, wakichota maji, wakigombana na wadogo zao.

Tayari kuna mmoja anayemfuata kwa jicho, binti wa Kerenge anayefukuza ndege mpungani kwa kombeo.

"Hakosi," anasema kocha, akishusha sauti. "Ana sentimita mia moja hamsini na nne. Mwenyekiti nitamwambia akishamsajili."