Chumba Kinachopokea Simu

Saa nane mchana, fundi anaketi kwenye ngazi ya mbele ya nyumba yake, anavua viatu, anapiga simu, na hasemi kitu.

Upande wa pili simu inajipokea yenyewe. Hakuna halo. Kuna saa ya ukutani inayohesabu, pazia linalojisugua dirishani, na mtu anayepumua. Fundi amefumba macho, mkono mmoja sikioni, mwingine juu ya tumbo la miezi minane. Dakika moja ikitimia, anakata.

"Leo amelalia ubavu wa kulia," anasema. "Pumzi inatoka karibu na ukuta."

Wateja wanamwita Fundi Kimya. Kazi yake ni kutafuta sauti zinazopotea kati ya simu na kompyuta. Siku hizi watu wengi huunganisha viwili hivyo bila waya, ili waongee na wapigaji kupitia kompyuta huku mikono ikiendelea na kazi. Siku muunganisho ukivurugika, sekunde huhesabika kwenye kioo na hakuna anayemsikia mwenzake.

Ufundi huo aliupata kwenye masomo ya jioni, miaka minne, mtoto wake wa kwanza akilala ndani ya mkoba mkubwa chini ya dawati. Wiki nzuri huingia nyumba tisa, kwa miguu. Wiki mbaya huingia mbili, na hapo unga hupimwa kwa kikombe.

"Nusu ya matatizo ni kitufe tu," anasema na kucheka. "Kuna mzee mmoja alizima spika bila kujua, akakaa wiki mbili akidhani mke wake aliye safarini amemnunia. Mwanamke wa watu anaongea mpaka koo linakauka, mzee anamjibu, 'Haya, nuna tu!'"

Nusu nyingine ndiyo iliyompa jina. Kabla ya kugusa chochote, humwomba mteja apokee simu na anyamaze, kisha yeye hupiga kutoka uani na kusikiliza dakika nzima. Kila chumba, anasema, kina mlio wake. Ukiutambua mlio, umejua sauti imekwenda wapi.

Mwezi uliopita aliitwa na mkunga.

Mkunga huyo hupima wajawazito katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na uchungu ukianza huwapeleka hospitali mwenyewe. Kuna kitanda kimoja, feni, sinki lenye bomba linalodondosha, na kompyuta mpakato mezani. Kwa kuwa mikono yake iko ndani ya glavu kutwa, simu hukaa mfukoni. Ikiita, hubonyeza kitufe cha kompyuta kwa kiwiko.

"Wiki tatu zilikuwa za ajabu," mkunga anasimulia. "Nabonyeza, naona sekunde zinakwenda, sisikii kitu. Naita halo, halo, kama kichaa. Baadaye mtu ananiambia, 'Asante mama, yule bibi amenisaidia sana.' Bibi gani? Humu tunaishi mimi na mama yangu mzazi, na mama hasemi."

Mama yake naye alikuwa mkunga, kwa miaka arobaini. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili na maneno yote. Tangu siku hiyo hajatamka hata jina la binti yake.

Mpigaji mmoja aliambiwa alalie ubavu wa kushoto kabla hajaeleza kinachomsumbua. Mwingine alisikia pumzi tu, akaitupa simu kitandani. Mtaani yakaanza maneno kwamba nyumba ya mkunga ina watu wasioonekana. Kati ya wajawazito kumi na tisa, wanne waliacha kupiga.

Lakini aliyemnyima mkunga usingizi ni muuza vitambaa mmoja. Mimba zake mbili za mwanzo zilitoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika siku zake, mume yuko safarini, na tegemeo lake lilikuwa simu hiyo moja.

"Nilimwambia fundi, huyu akinipigia asinipate, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Fundi alikwenda uani akapiga. Mkunga akabonyeza kwa kiwiko, akanyamaza.

"Nilitegemea feni na lile bomba," fundi anakumbuka. "Nikasikia saa ya ukutani. Nikachungulia dirishani. Ukuta mtupu! Mkunga amekaa mbele ya kompyuta, mdomo kaufunga, na sikioni mwangu kuna mtu anapumua. Mwanangu tumboni akanipiga teke mara mbili. Ile pumzi ikasita, kama mtu aliyetega sikio."

Alirudi ndani, akaingia chini ya meza kukagua, tumbo likimtangulia.

"Toka huko, mdogo wangu," mkunga alimwambia, "usije ukanipa kazi mbili kwa siku moja."

"Dada, saa ya ukutani iko chumba gani?"

"Kwa mama."

Ndipo yakajulikana. Kwa muda mrefu bibi alilala chumba cha nyuma, mwisho wa nyumba. Paa lilipoanza kuvuja, wiki tatu nyuma, alihamishiwa chumba kilichopakana na cha kazi, pamoja na saa yake, kabati lake na kompyuta ya zamani ya mkunga, ambayo humchezea redio. Kompyuta ile iliwahi kuunganishwa na simu ya mkunga, na ilikuwa haijaisahau. Ilipoisogelea, ikaanza kuivuta. Mkunga alipokea huku, maongezi yakatokea kule. Minong'ono aliyoisikia ukutani aliidhani ni redio.

Walikuwa bado wanatazamana simu ilipoita. Muuza vitambaa.

Mkunga alibonyeza. Kimya. Kisha, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka:

"Usisukume. Pumua. Puliza kama unapuliza uji wa moto."

Mkunga aliushika ukuta kwa viganja vyote viwili. Glavu zikaacha alama za unyevu, na fundi anasema bado anaziona. Walikwenda hadi mlangoni. Mkunga akashika kitasa, hakukizungusha.

"Puliza. Hivyo hivyo, binti."

"Dada, fungua," fundi alinong'ona. "Yule anakuhitaji wewe."

"Nikifungua atanyamaza."

"Fungua, dada."

Alifungua. Sauti ikakatika katikati ya neno. Bibi alikuwa amelala chali, midomo imebanana, macho kwenye pazia. Juu ya kabati, kutoka kwenye kompyuta iliyofunikwa nusu, muuza vitambaa alikuwa analia: "Bibi? Bibi, usiniache!"

Mkunga aliinama juu ya kabati. "Niko hapa, mwanangu. Nakuja sasa hivi."

"Na yule bibi?"

Mkunga alimtazama mama yake. "Yupo. Wewe endelea kupuliza."

Nusu saa baadaye walikuwa hospitali. Mtoto wa kike alizaliwa kabla jua halijatua, na kilio chake, mkunga anasema, kilitikisa mapazia.

Kesho yake fundi alirudi kumaliza kazi. Ilikuwa ya dakika mbili: kuifuta kompyuta ya zamani kwenye orodha ya vifaa vya simu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe mkunga alipouliza, "Ukiifuta, mama ataongea na nani?"

"Simu ya mwenye uchungu," fundi anasema, "haiwezi kuachwa ipokelewe na mgonjwa, hata akiwa hodari kuliko sisi sote. Nikafuta."

Tangu hapo simu za wajawazito huingia chumba cha mbele, na watatu kati ya wale wanne wamerudi.

Siku ile ile fundi alitoa mkobani simu yake ya zamani yenye kioo chenye ufa. Akaiunganisha na kompyuta ya bibi, akaipangia ijipokee yenyewe. Namba yake wanaijua watu wawili tu.

Daktari wa bibi aliwaeleza kwamba maneno yaliyosemwa maelfu ya mara huweza kubaki hata mengine yakiondoka. Hakueleza kwa nini yanakoma mlango ukifunguka. Mkunga amejaribu kupiga akiwa chumba cha mbele. "Nilisema, mama, ni mimi. Akapumua tu. Nikakaa chini nikalia kama mtoto."

Fundi haongei anapopiga. Kumsemesha, anasema, ni kama kumdai. Yeye anampa nafasi tu. Leo ni siku ya kumi na nane, na siku zote kumi na nane amesikia saa, pazia na pumzi.

Akijifungua salama anataka kupanga kibanda cha ufundi chenye mkeka pembeni kwa ajili ya mtoto, na jioni afundishe wanawake wengine kazi hii. Ameshachora mahali pa meza. "Na siku yangu ikifika nitapiga namba zote mbili," anasema. "Moja ili mkunga aje. Nyingine ili niambiwe nipumue."

Anavaa kiatu kimoja, anasita. Tumbo limekaza kidogo. Anatabasamu, kisha hatabasamu. Anapiga tena ile namba, jambo ambalo hajawahi kulifanya mara mbili kwa siku, na anaweka simu juu ya goti, spika wazi.

Saa. Pazia. Pumzi, na ya fundi juu yake, mpaka haijulikani ipi ni ipi. Kisha kitanda kinalia, kama mtu amegeukia huku.

"Bado," sauti inasema. "Bado, mwanangu. Nenda kale kwanza."

Tumbo linalegea taratibu chini ya mkono wake. Anakata, anapiga namba ya mkunga, na safari hii anaongea.

"Dada," anasema, "nimeambiwa nikale."