Bushi za Mama Jolie

Mama Jolie hakuhitaji kupiga honi. Alipoingia mjini Arua na ile Prado yake kuukuu, miguu ya mbele iligonga ko-ko, ko-ko kwenye kila shimo, na wauza nyanya wakaanza kusogeza mafungu yao kabla hajatokea kwenye kona. Wala hakuona aibu. Alishusha kioo akawasalimia kama bibi harusi.

Jina lake hasa ni Odile, mzaliwa wa Aru, upande ule wa Kongo. Na kama katika West Nile hii ya Uganda kuna mtu anayejua bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya miguu ya gari, kuliko yeye, basi huyo bado yuko tumboni mwa mama yake. Alianza na turubai chini, bushi na boljointi, vile vifundo vya chuma vya miguu ya mbele, zimepangwa juu yake kama maandazi. Leo ana duka. Ukimletea mzigo, maneno yako hayasikilizi. Anakandamiza mpira kwa ukucha, anaunusa, halafu anakuambia kama utadumu au utakufia kabla hujafika Koboko. Mafundi wazima, wenye ndevu zao, husimama mlangoni wakisubiri pua ya mwanamke iamue.

Kitu kimoja tu kilimkera: pua waliiheshimu, mikono hawakuihesabu. Kamisi, fundi wa gereji ya jirani, alimwambia mara nyingi alete hiyo Prado aifunge yeye. Odile akasema ataifunga mwenyewe, na akaifunga kweli. Aliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akafungua mikono ya chini inayobeba magurudumu ya mbele, akasukuma nje bushi zilizochoka na kupachika mpya. Akabadilisha na boljointi, kisha akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alipoishusha, Prado ikaenda kimya kama inanyata. Siku zile hakuna aliyeweza kuongea naye. Hata kanisani alipaki mbele kabisa.

Mvua zilipoanza, ko-ko ikarudi.

Kamisi hakuicheka mikono yake. Afadhali angeicheka. Alikuja akasimama mlangoni mwa duka, wateja wakiwa wamejaa, akauliza kwa upole wa mtu aliyeingia msibani:

"Mama Jolie, kama bushi yako mwenyewe iko nakufa haraka hivi, sisi iko nafungia watu nini?"

Neno hilo likapanda malori. Likafika Koboko kwa Lemi, mwenye gereji kubwa inayohudumia magari ya njia ya mpakani Oraba, mtu aliyekuwa akichukua karibu nusu ya mzigo wa Odile. Lemi akapiga simu: asimletee kitu tena, mpaka aje na hiyo Prado yenyewe aisikie kwa masikio yake. Hapo Odile akakaa chini. Kama kosa lilikuwa la bushi, duka limekwisha. Kama lilikuwa la mkono wake, Kamisi atacheka mpaka Krismasi.

Akafungua gari tena, akaketi juu ya tairi na bushi iliyochanika kiganjani. Akaikandamiza kwa ukucha. Mpira ulikuwa bado laini, haujakauka popote. Lakini ulikuwa umechanika kwa kusokotwa, kama nguo iliyokamuliwa, na wa upande wa pili vilevile. Mpira mbovu haufi kifo cha namna hiyo. Akapachika bushi mpya, akapiga mstari wa chaki kutoka chuma cha katikati ya bushi mpaka kwenye mkono wa gari, kisha akakaza huku gurudumu likining'inia, kama alivyofanya mara ya kwanza, na kama wafanyavyo mafundi wote wa mtaa ule. Akashusha gari. Uzito ulipokaa, mkono ukapanda juu, chuma cha katikati kikabaki pale kilipobanwa, na mstari wa chaki ukakatika katikati, kila nusu ikaangalia kwake. Kumbe bushi ilikuwa inasokotwa hata gari likiwa limesimama. Mashimo yalikuja kumalizia tu.

Odile akacheka peke yake, kwa sauti. Mwingine angerekebisha kimyakimya na kulaumu barabara. Yeye akamwita Kamisi, akawaita na mafundi wengine, wakajaa mbele ya duka.

"Sikia vizuri, Kamisi, sitarudilia," akasema. "Bushi iko muzuri. Ni mukono yangu ndiyo ilikosea. Nilikaza gari ikiwa juu."

Kamisi akafungua mdomo acheke. Halafu ukajifunga wenyewe, taratibu, maana miaka yote naye alikaza magari yakiwa juu ya jeki, na miaka yote aliwaambia wateja kwamba bushi za siku hizi hazina nguvu.

"Sasa unasimamia nini?" Odile akamuuliza. "Panda, ukae. Gari yangu haiendi tupu."

Prado ikawekwa juu ya mtaro mkavu, magurudumu huku na huku kwenye zege. Kamisi akakaa mbele. Filda muuza chai naye akaombwa apande, na Filda ana uzito wa kuheshimika. Nyuma wakapakia maboksi ya bushi. Odile, ambaye naye si ufito, akajipenyeza mtaroni, akalegeza kila bolti, akaliacha gari likae linavyotaka, ndipo akakaza. Kamisi alipouliza dirishani kama bado, akajibiwa kwamba mzigo hausemi.

Odile alipofika Koboko, Lemi hakupoteza muda kwa chai. Akapanda, akamwelekeza Odile njia ya Lurujo, ile ya vumbi iliyojikunja kama bati, na akatoa kichwa nje kama mbuzi kwenye pikapu. Akasikiliza kwenda, akasikiliza kurudi. Alisikia kokoto tu. Waliporudi gerejini, Odile akarudia maneno yale yale mbele ya mafundi wa Lemi: mzigo ulikuwa sawa, mkono ndio ulikosea, na sasa mkono umejua.

Lemi akajifuta vumbi usoni. Macho yake yakaenda kwenye gari la mteja lililokuwa juu ya jeki pale pale, fundi wake chini yake anakaza.

"Wewe, acha kwanza. Shusha hiyo gari," akamwambia. Kisha akamgeukia Odile. "Mama, fungua nyuma, tuone umeleta nini."

Odile akasema maboksi yatangoja. Akaliendea lile gari lililoshushwa, akanyoosha mkono kuomba spana, na Lemi mwenyewe akamletea.