Siku Niliyosema "Mimi"

Mkuu wa kitengo chetu cha mifugo alipohamishiwa Namanyere, nafasi yake ilibaki wazi. Mkuu wa idara akatuambia atateua kaimu kati ya watu wawili, mimi na mwenzangu tuliyekuwa tukitumia naye chumba kimoja cha ofisi. Hakutaka maneno ya pembeni. Ijumaa asubuhi kila mmoja wetu angesimama mbele ya watumishi wote wa idara aeleze kazi aliyoifanya, kisha yeye angeamua.

Wiki ile niliiogopa Ijumaa. Nimezaliwa hapa hapa Ufipa, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi, ambako mtoto akianza kusimulia jinsi alivyoongoza darasani, baba alimwambia awapishe wengine waongee. Nilikua nikiamini mtu husemwa vizuri na wenzake, hajisemi. Hata kazini nilizoea kusema "tulichanja", "tulisuluhisha", pale ambapo nilikuwa peke yangu na pikipiki. Nilipomweleza dada yangu hofu yangu, alinijibu kwamba nikinyamaza hakuna atakayenijua, na nikisema sana wataniona naringa. Nipite wapi, hakuniambia.

Ijumaa ilikuja na baridi kali ya Juni. Tuliketi ukumbini na makoti yetu. Mwenzangu alianza, naye ni msemaji mzuri. Alieleza chanjo, akaeleza mnada wa mifugo, watu wakawa wanatikisa vichwa kumkubali. Kisha akasema, kwa sauti ile ile tulivu, "Na ule mgogoro wa bondeni niliuzima mimi."

Nilihisi masikio yanawaka. Mgogoro ule ulitokea mwishoni mwa mvua, kule chini bondeni, kwenye kijiji kimoja mbele ya Milepa. Ng'ombe wa familia moja ya Kisukuma walikuwa wameingia kwenye shamba la mahindi la mama mmoja mjane, na nilipofika nilikuta wakulima wameshika mapanga, vijana wa wafugaji wameshika fimbo, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwenzangu alifika kesho yake, akiwa na dawa za chanjo.

Sasa nilikuwa na dakika chache tu za kuamua. Nikisema amedanganya, wataona nina wivu na nautaka ukubwa. Nikinyamaza, siku ile ya bondeni inakuwa yake moja kwa moja. Jina langu likaitwa. Nilisimama, nikashika mgongo wa kiti cha mbele yangu.

Nilianza na kazi za kawaida. Nilipofika bondeni, sikumtazama mwenzangu. Nilieleza jinsi nilivyomwamkia mzee mwenye ng'ombe, nikamwomba awatoe kwa upande wa mto wasikanyage mahindi yaliyobaki. Kisha nikamwomba yeye na yule mama tulizunguke shamba, sisi watatu tu, waone hasara kwa macho yao. Mwanzoni walitembea mbalimbali. Tulipofika upande wa pili, mzee alikuwa anamuuliza mama watoto wake wanasoma wapi. Jioni, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, walikubaliana fidia na njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

"Hilo la kuwazungusha shamba niliamua mimi," nikasema. Kwa mazoea yangu ningesema "tuliamua". "Mwenzangu alikuja kesho yake akasimamia chanjo, na aliisimamia vizuri. Bila chanjo ile wafugaji wasingetuamini tena."

Mkuu wa idara aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo siku ya ugomvi, kati yenu wawili, nani alikuwepo?"

"Nilikuwepo mimi."

Akamgeukia mwenzangu. Mwenzangu alitazama mikono yake, nikaanza kumwonea huruma, na kuogopa pia, maana angekana ningekuwa sina la kuongeza.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilifika kesho yake."

Jumatatu nilikabidhiwa ukaimu. Wengine walinipa mkono kwa furaha. Mama mmoja wa masjala, ambaye kwa miaka mingi tumekunywa chai pamoja, alinipongeza kisha akasema siku hizi nimejua kujinadi. Nilicheka naye, lakini lilinichoma, na hadi leo sijui alikuwa anatania au la. Nilirudia kichwani kila nililosema Ijumaa ile nikitafuta mahali nilipozidisha. Sikupata.

Mwenzangu alikuja mezani kwangu siku iyo hiyo mchana. Alikuwa na safari ya Kasesya kukagua ng'ombe wanaovuka mpaka, akahitaji ruhusa.

"Naomba unisainie, mkuu," akasema.

Sikuweza kujua kama lile neno "mkuu" lilikuwa la heshima au la uchungu. Nilimsainia, nikamwambia barabara ina vumbi aende taratibu. Akaitikia, akachukua kofia yake ya pikipiki, akatoka bila kuufunga mlango.