Mifarishi ya Ardith Voss

Ardith Voss alianza kushona mifarishi ya viraka akiwa msichana wa shamba, na mambo mengine yote alipoyaacha, hilo hakuliacha. Nyumba yangu inatazamana na yake. Baridi ikishaingia, nikichungulia dirishani namwona ameinamia fremu yake sebuleni, kastabini kidoleni, anapitisha sindano juu, chini, juu, chini. Viraka alivikata kutoka mashati ya mumewe Orrin, magauni yaliyochakaa, mapazia, hata aproni za mama yake. Akishaviunga anatia pamba katikati, kitambaa upande wa chini, halafu anashona vyote pamoja kwa mkono. Mfarishi mmoja wa kitanda kikubwa ulikuwa unammalizia kipupwe kizima.

Orrin alipofariki ndipo aliposhona kama mtu anayekimbizwa. Mwishowe chumba cha wageni kikawa hakiingiliki. Mifarishi kitandani, mifarishi kabatini, mifarishi imerundikwa mpaka karibu na dari. Kisha vidole vikaanza kupinda kwa baridi yabisi, naye akapigwa na hofu.

"Twila," akaniambia, "nisipoitafutia makao mwenyewe, nikifa tu Galen ataipakia kwenye pikapu akaitupe jaani."

Galen ni mwanawe wa pekee. Nikasema, "Mtoto wako hawezi kufanya hivyo."

"Unamjua Galen, wewe? Mfarishi wa bibi yake si alifunikia injini ya trekta!"

Hilo lilikuwa kweli.

Yeye macho hayamruhusu tena kuendesha gari, kwa hiyo dereva nikawa mimi. Tulianzia kwa mjukuu wake Kaylin, huko mjini Omaha. Aliwahi kupewa mfarishi alipohitimu shule, na bibi yake alitaka kumwongezea wa pili. Tulipoingia tu tukaukuta ule wa kwanza sakafuni karibu na jiko, na juu yake jibwa limejinyoosha, manyoya kila mahali.

"Bibi, Duke anaupenda huo!" Kaylin akasema kwa furaha yote. "Halali pengine kabisa!"

Ardith alikunywa kahawa yake, akamwuliza mjukuu habari za kazi, akambusu, akatoka. Mfarishi wa pili hata hakuushusha garini. Tulisafiri mpaka mashamba ya mahindi yakaanza kuonekana pande zote ndipo aliposema, "Anaupenda. Mbwa anaupenda."

Tukajaribu makumbusho ya kaunti yetu. Kijana wa pale alivaa glavu nyeupe kabla hajagusa kitu. Akausifu ule mshono mpaka nikaona Ardith anaanza kulegea. Kisha akatuonyesha sanduku refu lenye karatasi laini ndani.

"Mfarishi utapumzika humu, mama. Giza, hewa kavu, hakuna wa kuugusa. Utadumu kuliko sisi sote."

"Na nani ataulalia?"

Kijana akacheka, akidhani ni mzaha. "Hakuna, mama. Hiyo ndiyo maana ya kuuhifadhi."

"Lete hapa," Ardith akasema. "Jeneza nitaingia mimi. Huu haujafa."

Kwenye mnada wa kanisa ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Bibi mmoja nadhifu, mgeni, alikuwa ameshaukumbatia mfarishi wa nyota za bluu, na Ardith amekaa pembeni anatabasamu kama biharusi. Yule bibi akamgeukia mwenzake: "Mfarishi huu utatoa koti zuri sana. Vipande vitakavyobaki nitafanyia mikoba."

Ardith akainuka. Sijui alitoa wapi kasi ile. "Unakata nini, wewe?"

"Samahani?"

"Ukitaka kukata, kakate pazia lako!" Akashika ncha, yule akashika ncha, mchungaji akaja mbio na sahani ya pai mkononi. Tuliondoka na mfarishi wetu, na mwaliko wa mwaka uliofuata hatukuletewa.

Hasira hiyo ilitafuta pa kuangukia, ikamwangukia Marlys. Huyo alikuwa mke wa Galen, mama yake Kaylin, aliyemwacha Galen miaka mingi nyuma na kuhamia mji wa jirani. Alipoondoka aliondoka na mfarishi wa harusi aliowashonea Ardith.

"Ule ni wa akina Voss," Ardith akasema. "Yeye si Voss tena. Twende."

"Ardith, mambo ya zamani hayo. Yaache."

"Utanipeleka, au nitembee?"

Tukaenda. Upepo wa siku hiyo ulikuwa wa kung'oa mlango wa gari. Marlys alifungua akiwa bado na sare yake ya kazi. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Alituangalia, kisha akasogea tupite.

"Karibuni, mama. Nina maharage ya nyama motoni, na mikate ya mdalasini ndiyo kwanza inatoka."

"Sikuja kula. Nimefuata mfarishi wangu."

Haukuwa na haja ya kutafutwa. Ulikuwa pale pale kwenye kochi, na nilipouona nilitamani Ardith awe kipofu kabisa. Bluu yake imekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kingo zimechanika. Palipotoboka pamewekwa viraka vya jinzi, viraka vya sare ya kazi, vimeshonwa kwa uzi mnene mweusi, mishono mirefu iliyokwenda ilikotaka.

Ardith akaupapasa kwa mikono miwili. "Umeufanya nini?"

"Nimeutumia."

"Uzi mweusi! Nani alikufundisha kushona kwa uzi mweusi?"

"Hakuna aliyenifundisha," Marlys akajibu. "Nilikuomba wewe unifundishe, mwaka ule tulipooana. Ukasema mikono yangu ni ya kukamua ng'ombe."

Chungu kikawa kinatokota jikoni.

"Nilisema hivyo," Ardith akakiri, lakini kidevu bado kiko juu. "Haya, nipe twende zetu."

Marlys akaukamata mfarishi akaubana kifuani. "Sikupi. Kaylin nilimnyonyesha ndani ya huu. Galen akirudi amelewa, nilikuwa nauchukua nakwenda kulala garini, na sikuganda. Baba yangu alikata roho amejifunika huu huu. Mwite polisi kama unataka, mama. Sikupi."

Zile habari za kulala garini Ardith hakuwa anazijua. Hata mimi sikuzijua. Akatafuta kiti akakaa, koti bado mwilini.

"Nipe niutengeneze basi, mpumbavu wewe. Sikuibii. Una sindano?"

Sindano ililetwa, na uzi, mweusi huo huo. Ardith akajaribu kuutunga. Uzi ukapita pembeni. Akaulamba, akajaribu tena. Sindano ikadondoka. Mara hiyo akalia, si kilio cha huzuni, ni cha hasira, anajipiga magoti kwa ngumi zake zilizopinda. "Vidole hivi! Vidole hivi visivyo na faida!"

Marlys hakumbembeleza. Aliiokota sindano, akatunga uzi, akapiga magoti zuliani na ukingo uliochanika mapajani. "Nianzie wapi?"

"Siyo hapo. Ingiza kwa ndani, fundo lijifiche. Fupi zaidi. Fupi, nimesema! Mshono mrefu hivyo hata kucha ya maiti ingenasa."

Tulikula maharage na mikate ya mdalasini giza lilipoanza kuingia. Wakati wa kuaga, Ardith akamwambia Marlys kwa sauti ya chini kwamba nyumbani ipo mingine, mizima, mizuri kuliko huo, aje achague anaoutaka.

"Asante, mama. Sitaki mwingine. Nataka huu."

Njia nzima nilisikia hilo tu. "Umemsikia? Mtu mmoja kwenye kaunti nzima anayejua kutumia mfarishi, na anataka mmoja, tena umeshakwisha!"

Michache imepata makao tangu hapo. Marlys alichukua kwa ajili ya wazee wake wasioisha kuhisi baridi, ingawa Ardith alipambana, kwa sababu kule kila kitu kinachemshwa kwenye mashine ya kufulia na rangi zitakufa. "Zitakufa, ndiyo," Marlys akamjibu. "Hata wazee wanakufa. Leo wana baridi." Ardith akaitoa kwa uchungu, mmoja mmoja, huku akitoa maagizo ya sabuni ambayo anajua fika hayatafuatwa. Mingi bado iko, na kila wiki ananiuliza kama namjua mtu wa kumpa, nami simjui.

Marlys huja Jumamosi sasa, akikaa kwenye fremu anashona wake wa kwanza. Juzi nilipeleka maziwa nikamkuta amemaliza safu nzima, imenyooka, mimi naiona nzuri. Ardith akaisogelea mpaka pua ikagusa kitambaa.

"Fumua," akasema.

Marlys akatukana, tusi zito, mbele ya mama mkwe. Kisha akachukua mkasi, akaanza kufumua.