Kanga Iliyosimamisha Treni Mara Mbili

Nyie wajukuu, na vijana wa watu mtakaosoma haya, kwanza acheni kupiga picha mmekaa juu ya reli. Reli si kiti. Mie naishi Yombo, nyuma ya nyumba yangu treni inapita, na nimewahi kuwa ndani ya behewa lililoacha reli. Liliinama taratibu kama ng'ombe anayetaka kulala, sote tukamiminikiana upande mmoja, na kapu langu la mihogo likamwangukia mzee wa watu kichwani. Hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo nikisikia treni inakuja, sikio langu moja linakuwaga kazini.

Sasa nije kwenye harusi. Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea kwa mikono yangu, aliposwa na kijana wa upande wa Mwakanga. Siku ya ndoa watu wa bwana harusi wakasema magari ya nini, na treni ya abiria inapita mgongoni kwa bibi harusi? Wakapanda wote, kanzu na mabaibui na sinia zao za halua.

Kwetu mgeni wa harusi hapokewi kimya. Wanawake tukajipanga kando ya reli, tukavua kanga za juu, na honi iliposikika tukaanza kuzipunga kwa nguvu zetu zote, na vigelegele juu.

Treni ikafunga breki. Chuma kililia mpaka meno yakaniuma. Kituo bado kiko mbele huko, na dereva huyo anashuka, jasho linamtiririka.

"Shikamoo bibi," akaniambia, maana hasira haikumwondolea malezi. "Hatari iko wapi?"

"Marahaba. Hatari gani? Tunapokea bwana harusi."

Akashika kichwa. Akatueleza kwamba kwao watu wa reli, mtu akipunga kitu kwa nguvu kando ya njia, dereva haulizi, anasimama. Njia yetu haina mtambo wa kumwonyesha kilichoharibika mbele. Ana macho yake, ana redio, na ana watu wanaoishi kando ya reli kama sie.

Jirani yangu, mtani wangu ambaye hata msibani hanyamazi, akadakia: "Sie tunajua nyekundu tu ndiyo hatari. Hii kanga ya kijani!"

"Hata ingekuwa ya rangi ya binzari, mama. Ikipungwa namna hiyo nasimama."

"Jamani! Mume wangu namwita kwa mdomo miaka yote hasimami, kumbe treni inasimama kwa kanga!"

Watu wakacheka madirishani. Asiyecheka ni bwana harusi. Breki zile zilimmwagia sinia nzima ya halua mapajani, akaoa na doa, na kwenye picha zote amekaa ameweka mikono hapo kama mtu anayeficha kitu. Jioni ile nikapiga marufuku nyumbani kwangu: kanga hazipungwi tena kando ya reli.

Masika yaliyofuata mjukuu akawa mjamzito, na kwetu mimba ya kwanza mtoto wa kike huja kujifungulia kwao. Asubuhi moja akanipigia simu: "Bibi, nimeshapanda treni, nakuja." Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Nikatoka nyuma kuangalia kama choo kimesalimika, ndipo nikaona mtaro umehama njia. Maji yalikuwa yanapita chini ya reli yenyewe. Kokoto zote yamekwenda nazo, na mataluma, yale ya zege yanayobeba reli, yananing'inia hewani kama nguo kwenye kamba.

Nikampigia mjukuu. Hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani. Nikamtuma mtani wangu akimbilie kituoni kusema, naye akaondoka huku amepandisha gauni, anapiga kelele: "Dereva atadhani tunaoza mwingine!"

Hilo ndilo lililonitia baridi. Mtu aliyedanganyika mara moja, atasimama tena kwa bibi yule yule? Nikafuata njia kwenda kule treni inakotokea, kanga mkononi, matope mpaka magotini. Ilipochomoza kwenye kona nikaanza kupunga. Sikupunga kwa madaha ya harusi. Nilipunga kama mtu aliyevamiwa na nyuki, na kigelegele nikakimeza. Moyoni nasema: mwanangu, Mungu akusahaulishe sura yangu.

Honi ikalia. Ikaja, bado inakuja. Nikaruka pembeni, magurudumu yakanipita yanatoa cheche, na treni ikasimama mbele yangu, imelibakishia shimo hatua chache tu, kama kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa muuza mkaa.

Akashuka yule yule dereva. "Shikamoo bibi. Leo anaoa nani?"

"Marahaba. Njoo umwone."

Nikamshika mkono nikampeleka. Alipoona reli inaelea, akakaa chini kwenye matope na sare yake. Kisha akaita kwenye redio njia ifungwe.

Nikamuuliza, "Ulinitambua?"

"Nilikutambua, bibi. Nikasema hata kama ni harusi, nitagomba nimeshasimama."

Mjukuu wangu akateremshwa taratibu, tumbo mbele, na neno la kwanza: "Bibi, si ulipiga marufuku kanga?"

"Funga mdomo. Ingia ndani, uji upo."

Mkwe wangu, yule wa doa la halua, ananiambia treni hizi mpya za umeme zina mitambo inayomzuia dereva akipitiliza ishara ya kusimama. Nimezipanda, zimetulia kama kitanda. Sina ubishi nazo, na ije hiyo mitambo na huku kwetu. Hadi ije, nyumba yangu ina kazi.

Mchana wa siku ile ya shimo, mafundi wanamwaga kokoto mpya, niliwakalisha wote mkekani, na mtani wangu ambaye hata si wa nyumba yangu, nikawaambia: "Marufuku iko pale pale. Mgeni wa treni mpokeeni kwa vigelegele, mikono chini. Na usiku wa mvua ukipita, wa kwanza kwenda chooni asirudi kulala kabla hajaitazama reli. Akikuta shimo apunge chochote, hata shuka aliyojifunga, aibu yake tutaisitiri baadaye."